Pa Kula, Pa Kupita na Kiatu cha Fundi wa Boila

Nyie mnaoingia Dar es Salaam leo mna simu inayowaambia pinda kushoto. Sie tulikuwa na Mzee Kibwana, dereva wa kiwanda, aliyekuwa akisema tunapinda kushoto huku anapinda kulia. Nawaandikia kwa sababu simu yenu inazijua barabara lakini haiwajui watu walioko kandokando yake, na mtu anaweza kuzijua barabara zote za Temeke akafa njaa akiwa katikati yake. Nilimshuhudia mmoja akikaribia kufanya hivyo. Nitamfikia.

Kazi yangu, mpaka nilipostaafu, ilikuwa kupokea wageni. Simaanishi wageni wa heshima wanaovishwa mashada. Namaanisha mafundi, makarani na wahasibu waliopangiwa kazi kwenye kiwanda chetu cha sabuni kule Chang'ombe, wakishuka kutoka mikoani na sanduku moja na godoro lililofungwa kamba. Niliingia idara ya utumishi nikiwa nimetoka chuo kikuu moja kwa moja, enzi za Ujamaa, wakati kila mtu alikuwa ndugu na sukari ilikuwa foleni. Niliambiwa nitashughulikia ustawi wa wafanyakazi wapya. Maana yake ilikuwa hivi: mgeni apate chumba, ajue pa kula, ajue basi la kwenda na la kurudi, na asiondoke. Hilo la mwisho hawakulisema siku ya kwanza, lakini ndilo pekee nililoulizwa siku zote zilizofuata.

Nadhani walinichagua kwa sababu ya wasiwasi wangu. Mtu asiye na wasiwasi hawezi kumweleza mgeni hatari za mji, kwa kuwa yeye mwenyewe hazioni. Mie nilikuwa naziona zote, hata zisizokuwepo. Pale kituoni niliacha basi la kwanza lipite ili nione linaelekea wapi. La pili nililinganisha na la kwanza. La tatu, nililokuwa na hakika nalo, lilikuja limejaa. Nilikuwa nachelewa kazini kwa sababu ya uangalifu.

Basi tuanze na kuuliza njia. Mtu wa Dar hasemi sijui. Ukimuuliza mahali atakuelekeza, hata kama mahali penyewe anapasikia kwako kwa mara ya kwanza. Si uongo. Anaona vibaya uondoke mikono mitupu. Kwa hiyo usimuulize mtu anayetembea, maana huenda na yeye amepotea. Muulize aliyekaa na shughuli yake: muuza mkaa, fundi baiskeli, mama wa vitumbua. Huyo yupo pale kila siku, na anajua akikupoteza utarudi kumlaumu.

Na msalimie kwanza. Niliwahi kumwendea fundi viatu mmoja pale Keko, mzee wa makamo ya baba yangu, nikamuuliza moja kwa moja njia ya kwenda Temeke ni ipi. Aliendelea kushona. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani hasikii vizuri. Akasema, bila kuinua uso, "Shikamoo ndiyo inatanguliaga, mwanangu. Njia inafuata." Nikampa shikamoo yake. Njia ilikuwa nyuma yangu.

Jifunzeni pia vipimo. Ukiambiwa "hapo tu", ni mahali unapopaona kwa macho. Ukiambiwa "hapo mbele", utatoka jasho. Ukiambiwa "unakwendaaa", sikiliza sauti inavyovutwa. Mama mmoja wa Tandika aliwahi kunivutia "unakwendaaa" ndefu kiasi kwamba nilikaa chini kabla ya kuanza safari.

Njia za mkato msizifuate mpaka mjue ni za nani. Mzee Kibwana alizijua zote za Temeke, na nyingi zilikuwa ndefu kuliko barabara yenyewe. Moja ilipita nyuma ya machinjio, ikazunguka uwanja wa mpira, ikaingia uani kwa shemeji yake, na hapo ilibidi tusimame tunywe chai. Nilipomwambia kwamba tungefika zamani kwa barabara ya kawaida, alinitazama kama niliyemtukania mama yake. "Barabara ya kawaida," alisema, "kila mtu anaijua."

Sasa chakula. Wakati wetu, nje ya geti la kiwanda kulikuwa na akina mama watano au sita waliopika kwenye mafiga, na mgeni alitakiwa achague mmoja wa kula kwake siku zote, maana ukihama leo na kesho wote wanakuona huna msimamo. Nilitumia wiki nzima nimesimama mbali nawachunguza. Niliangalia nani ana wateja wengi, nikaona hiyo si hoja, kwa sababu wengine walikuwa wanafuata mazungumzo. Niliangalia nani anaosha sahani vizuri. Mwishowe niligundua jambo la maana: angalia mpishi mwenyewe anakula wapi. Mmoja wao, saa saba kamili, alikuwa anaacha sufuria yake anakwenda kula kwa jirani yake. Nikahamia kwa jirani. Ushauri huu haujanitupa mpaka leo.

Mtakula msivyovizoea. Kuna kipindi kulikuwa na ugali wa unga wa njano, ulioletwa kwa meli mazao yalipokuwa mabaya. Wageni wangu wa bara walikuwa wakiiona sahani imetulia mbele yao, wanaitazama, halafu wananitazama mie. Karani mmoja aliniuliza kwa heshima kama kuku wa kiwanda wameshakula. Nilimweleza kwamba kiwanda hakina kuku. Akasema, "Sasa wanatulisha sisi kwa niaba ya nani?" Lakini alikula. Njaa haina rangi inayoipenda.

Na mkikalishwa kwenye sinia, kila mtu ana upande wake. Kula mbele yako. Kipande cha samaki kilicho katikati si cha mwenye mkono mrefu. Mwenye nyumba atakigawa mwenyewe, na ataanza na mgeni. Usikinyooshee mkono, na usikikatae. Mie mara ya kwanza nilikikataa kwa adabu, nikasukumiwa tena, nikakataa tena, mpaka mwenye nyumba akakila kwa hasira.

Hapo ndipo penye kazi yote. Kukaribishwa. Bara tunakotoka wengi wetu, ukikaribishwa chakula unakataa kwanza, unakataa tena, na unakubali mwishoni kama aliyeshurutishwa. Pwani mtu akisema "karibu" amesema. Ukijibu "asante, nimeshiba", anaamini umeshiba. Hatakuburuta. Anaendelea kula, na wewe unaendelea kusimama hapo na adabu yako.

Sasa naweza kuwaeleza habari za Yohana Petro.

Kiwanda kilikuwa na boila moja. Boila ndiyo iliyotoa mvuke, na bila mvuke hakuna sabuni, na sabuni wakati ule watu walikuwa wanaipangia foleni kuanzia alfajiri. Fundi wetu wa zamani alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Mafundi wawili walikwisha kuletwa kumrithi, na wote wawili walirudi kwao kabla hawajazoea hata jina la kituo cha basi. Wa tatu alikuwa Yohana Petro, kijana mrefu, mkimya, mwenye cheti cha boila, na hapakuwa na wa nne. Meneja wa kiwanda aliniita ofisini. Nilikuwa bado kwenye muda wa majaribio.

"Ndugu Namsifu," alisema, "wa kwanza alisema joto. Wa pili alisema upweke. Huyu akisema chochote, mtafutie treni, na wewe panda behewa la pili."

Nilikwenda kumpokea stesheni mwenyewe. Ilikuwa Jumapili, na siku zile Jumapili mchana magari hayakuruhusiwa kutembea bila kibali. Kibali chetu kilikuwa kinasubiri mtu wa kukisaini, na huyo mtu alikuwa amekwenda kanisani. Kwa hiyo tulitembea kwa miguu, mie na Yohana na sanduku lake, kupitia Gerezani, Keko, Chang'ombe, mpaka Temeke. Njia nzima nilikuwa namfundisha mji. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwonyesha pa kushukia basi, pa kununua mkate, na nyumba ya balozi wa nyumba kumi, kwa sababu mgeni anapelekwa kwa balozi kabla hajafungua sanduku.

Kisha nikamfundisha jambo nililoliona kubwa kuliko yote. Kabla ya chuo nilikuwa nimepita jeshini kujenga taifa, nikiwa nimehudhuria semina zote na kukaa viti vya mbele. "Ndugu Yohana," nilimwambia, "hapa mjini usimtajie mtu kabila lako, na usimuulize mtu la kwake. Tumetoka huko. Ukiulizwa unatoka wapi, sema Tanzania."

"Tanzania," alirudia.

"Hasa."

Nilimpangia chumba kwa Bi Kidawa, mjane aliyekuwa na nyumba ya vyumba sita karibu na soko la Temeke. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye sauti inayofika barabarani. Chumba cha Yohana kilikuwa mwisho wa ukumbi, na ili aende bafuni ilimbidi akatize uani, pale ambapo Bi Kidawa na wapangaji wake walikuwa wanakula kwenye mkeka kila mchana wa mapumziko na kila jioni.

Nilipompeleka, Bi Kidawa alimwangalia kuanzia juu mpaka chini, safari iliyochukua muda.

"Karibu baba. Unatoka wapi?"

"Tanzania," alisema Yohana.

Bi Kidawa akanigeukia. "Na sie hapa ni wapi?"

Nikaeleza kwamba Ndugu Yohana anatoka bara. Akaniuliza bara ya wapi. Nikamwambia bara, Bi Kidawa, sisi sote ni wamoja. Akasema, "Haya," kwa namna ambayo mtu husema haya akishika mlango ili aufunge.

Wiki mbili baadaye nilipita kumwona. Bi Kidawa alinivuta pembeni ya ukuta.

"Mgeni wako anaumwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Basi anatuogopa. Kila siku namwambia karibu, ananiambia kashiba. Kashiba nini? Simuoni kupika, simuoni kununua. Mtu gani anashiba hewa? Ama anadhani mie namtilia kitu?"

"Ni mpole tu, Bi Kidawa."

"Mpole ni mtu anayeongea taratibu, mwanangu. Huyu haongei. Nilimuuliza baba zake wanalima nini, akaniambia wanajenga taifa. Na mie sikuulizaga tena. Sitaki mtu aseme nampekua."

Nikaenda chumbani kwa Yohana. Alikuwa amekaa kitandani na mkate na kikombe cha maji. Nilimuuliza anaendeleaje. Akasema vizuri. Mkanda wa suruali yake ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari. Nilimuuliza kwa nini hali na wenzake. Akasema, kwa sauti ndogo, "Wananikaribisha mara moja tu, Ndugu Afisa. Wakinitaka kweli wangerudia."

Nilirudi nyumbani nikafikiri. Nilifikiri sana. Niliona nikimwambia Yohana akubali mara ya kwanza, atadhani namwambia ni mlafi. Nikimwambia Bi Kidawa arudie karibu, atadhani namfundisha ukarimu, na kumfundisha Mzaramo ukarimu nyumbani kwake ni kutafuta kesi. Nikaona labda niongee na wote wawili kwa pamoja. Nikaona hapana, watadhani wamesemana. Nilifikiri mpaka Ijumaa, na Ijumaa Yohana alikuja ofisini, akasimama mlangoni.

"Naomba kuondoka, Ndugu Afisa. Kesho kuna treni."

"Joto?" niliuliza.

"Hapana."

"Upweke?"

Alifikiri. "Kwetu mgeni hali peke yake. Akila peke yake ni aibu ya kijiji kizima. Tangu nimefika hapa nimekula peke yangu kila siku, na mtaa hauoni aibu. Basi mimi si mgeni wao. Na kama si mgeni wala si mwenyeji, mimi ni nani pale?"

Nilisema nitampeleka stesheni kwa gari la kiwanda, kama ustawi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nataka nafasi ya kumshawishi, na nilikuwa nimeshaanza kupanga hoja zangu, kuanzia hoja ya taifa mpaka hoja ya hali ya hewa ya Julai. Kama hoja zitashindwa, nilikuwa na mpango mwingine. Nilimfuata Mzee Kibwana karakana.

"Kesho tukimpeleka fundi stesheni," nilimwambia, "naomba upite njia yako ya mkato."

Alifurahi sana. "Hatimaye," alisema. "Tutawahi hata kabla treni haijafunguliwa milango."

Sikumwambia kwamba nilikuwa nategemea kinyume chake.

Jumamosi kazi iliisha saa sita. Tulifika kwa Bi Kidawa wakati wa chakula. Uani mkeka ulikuwa umetandikwa, na wali ulikuwa kwenye sinia ukitoa mvuke, mchuzi wa samaki pembeni, na Bi Kidawa alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi ya chakula cha jioni. Mzee Kibwana aliposema hodi alikuwa anautazama mchuzi. Yohana akatoka ukumbini na sanduku begani. Alivua viatu ukingoni mwa mkeka, akasogea kumuaga mama mwenye nyumba, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri.

Bi Kidawa akaacha kukuna.

"Sanduku hilo linakwenda wapi?"

"Linasafiri kidogo," nikasema mie.

"Lenyewe?"

"Naondoka, mama," alisema Yohana. "Asante kwa kunihifadhi."

"Unakwenda wapi?"

Yohana akanitazama, mie mwalimu wake. "Tanzania," alisema.

Bi Kidawa akamgeukia Mzee Kibwana. "Treni siku hizi inafika Tanzania?"

"Inapita," alisema Mzee Kibwana, macho kwenye samaki.

Hakuna aliyecheka. Bi Kidawa akajifuta mikono kwenye kanga. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka, na hilo lilinitisha kuliko kelele zake. "Baba, umelala chini ya bati langu. Leo unaondoka, na mie sijui hata nilikaa na nani. Nikiulizwa mpangaji wako alikuwa mtu wa wapi, niseme nini? Niseme alikuwa mtu wa kimya?"

Yohana akashusha sanduku. Niliona anapambana. Nilimtazama kwa jicho la semina, lakini hakuniangalia.

"Tabora, mama," alisema. "Ndani huko, Urambo. Mimi Mnyamwezi."

Nilijiandaa kuingilia na maneno machache kuhusu umoja.

"Mnyamwezi?" alisema Bi Kidawa.

"Ndiyo, mama."

"Wa kuzaliwa?"

"Baba na mama."

Bi Kidawa akainuka. Sikuwahi kumwona akiinuka haraka hivyo. "Weee!" alipiga kelele, na watu wa nyumba ya pili walichungulia ukutani. "Mpagazi mkubwa wewe! Unakaa nyumbani kwangu wiki ngapi unanipita hapa kama kisiki, kumbe ni mtani wangu! Nani kakuruhusu kubeba mzigo kwenye ua wangu? Nani kakulipa? Lete hapa!" Akalikamata sanduku, akalivuta, na Yohana akaliachia kwa mshangao.

Kwa nyie msiojua mambo haya: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wanashuka pwani na mizigo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, kukunyang'anya chakula mkononi, hata kukaa njiani kuzuia jeneza msibani kwako mpaka apewe kitu. Huruhusiwi kukasirika. Mtu baki anakuogopa, lakini mtani hana ruhusa ya kukuogopa. Mie nilikuwa nayajua haya tangu utoto. Niliyaweka kwenye fungu la mambo ya nyumbani, ambayo mtu anayaacha stesheni akipanda treni kwenda chuo.

Yohana alikuwa amesimama katikati ya mkeka, na uso wake ulikuwa unafunguka kama dirisha lililokwama muda mrefu.

"Kumbe mama ni Mzaramo?"

"Ulidhani mie Mgiriki? Si ungeuliza!"

"Nilikatazwa kuuliza."

"Na nani?"

Nilianza kuutazama ukuta.

"Lakini ningejua tu," alisema Yohana, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake halisi, na ilikuwa kubwa. "Nyumba gani hii hata maji ya kunywa yanataka kutiwa nazi? Nikasema hawa watu wamezaliwa na minazi. Na wiki hii nilishangaa hakuna ngoma. Nikasema kuna mgonjwa humu, maana Mzaramo akikosa ngoma Jumamosi mbili anapelekwa hospitali."

Bi Kidawa alimtazama, mdomo wazi. Halafu akaketi chini pale pale alipokuwa, akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka kanga ikamtoka kichwani. "Anaongea!" alisema akijifuta machozi. "Jamani, kijiti kinaongea! Hebu kaeni kitako, Mnyamwezi kanitukana nyumbani kwangu."

"Mama, treni," alisema Yohana, lakini alikuwa anatabasamu.

"Treni panda." Bi Kidawa aliinama, akachukua kiatu kimoja cha Yohana, cha kushoto, akakitupa chumbani kwake, akafunga mlango na kutia ufunguo kifuani. "Panda na hicho kimoja. Kingine kitatoka siku asali ya Tabora itakapofika hapa. Asali ya kweli, usiniletee maji ya miwa. Na sasa kaa ule. Ukishiba, ndiyo useme umeshiba."

Yohana akaketi. Bi Kidawa akachukua kipande kikubwa cha samaki kutoka katikati ya sinia, akakiweka mbele yake. Yohana alikitazama. Kisha akamega tonge, akala, akamega tena, mpaka upande wake wa sinia ulipoanza kuonyesha maua yaliyochorwa chini.

Mzee Kibwana alikuwa ameshanawa zamani. "Njia ya mkato ni nusu saa tu," alisema akiwa amejaza mdomo. "Bado tunawahi." Hakuinuka.

Mie nilikuwa bado nimesimama na hoja zangu zote, sijatumia hata moja.

"Na wewe msomi, karibu," alisema Bi Kidawa.

Nilikuwa nimekula kabla ya kuja, ili nisiwe mzigo. Nilikaa nikala.

Jumatatu saa mbili asubuhi meneja aliniita. Alikuwa amesimama dirishani, anatazama karakana ya boila. Dohani ilikuwa inatoa moshi, kwa hiyo nilishangaa kumwona amekunja uso.

"Ndugu Namsifu, fundi wangu wa boila amekuja kazini na kandambili. Pale chini kuna maji ya moto. Viatu vyake viko wapi?"

Nilikuwa nimefikiria namna tatu za kujibu swali hilo, zote za kiofisi. Zilinitoka. "Kimoja kimekamatwa na mtani wake," nilisema.

"Mtani gani?"

"Mwenye nyumba. Mzaramo. Yeye ni Mnyamwezi."

Meneja aligeuka kutoka dirishani. "Wanataka nini?"

"Asali ya Tabora."

"Basi hakitoki mwezi huu," alisema. Akaketi, akaniambia nikachukue buti za kazi stoo kwa idhini yake, nimpelekee fundi kabla hajaungua. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena.

"Na wewe ni mtu wa wapi?"

Kwa mazoea nilifungua mdomo kusema Tanzania. Nikaufunga. "Mpare," nilisema. "Usangi."

"Mpare!" Meneja aliegemea kiti. "Ndiyo maana. Nilikuwa nawaambia wenzangu, sisi Wachaga, watani zenu, tumezoea kuona ofisi zikiomba karatasi kila wiki. Hii ya utumishi haiombi hata kalamu. Nikasema kuna nini mle? Kumbe kuna mkono wa birika!"

Mezani kwake kulikuwa na kisahani cha karanga. Bila kuniondolea macho, alikivuta taratibu, akakisogeza upande wake, mbali na mkono wangu. Nilikuwa nimefanya kazi chini ya mtu huyo miezi mingi kwa hofu, na hapo ndipo nilipojua kwamba nitathibitishwa kazini.